Pakruok kwa Mstari Mwekundu

Kisumu husifiwa vingi. Watasifiwa samaki, ngege dhidi ya mbuta, mpaka watu wanuniane mezani. Litasifiwa jua, kwa kuwa linakausha omena bila kudai malipo. Na wapo wazee wanaosifu hata reli, iliyofika hapa mwaka 1901 wakati mji ukiitwa Port Florence. Lakini sijamsikia hata mtu mmoja akiusifu mstari mwekundu.

Kwa asiyeujua, mstari huo hutokea kwenye skrini ya mtu wa IT, hasa jioni, hasa Ijumaa. Kijana yuko ofisini, mtaa wa Oginga Odinga, wenzake wameshafika Dunga na samaki wameshaagizwa. Amebakiza jambo moja dogo: kuziambia seva zote za vituo anavyovihudumia, kuanzia Ahero hadi Usenge, zibadilishe mpangilio mmoja. Anabonyeza kitufe. Mistari inaanza kuteremka, ya kijani kwa seva iliyokuwa sawa tangu mwanzo, ya manjano kwa ile iliyobadilishwa. Kijani, manjano, kijani, kijani. Halafu nyekundu: seva fulani, hatua fulani, imeshindikana. Kijana anasonya, anavua saa mkononi, anawaandikia wenzake wasimsubiri. Kila mtu anayemwona akisonya anamhurumia yeye. Hakuna anayeuhurumia mstari.

Nimekuja kuutetea. Wala sianzishi desturi mpya: Lucian wa Samosata aliandika sifa za nzi katika karne ya pili, Erasmus akachapisha sifa za upumbavu mwaka 1511, na wote wawili walisomwa na watu wenye akili timamu. Lucian angefika Ghuba ya Winam msimu ambao wadudu wa ziwani, sami kwa Kiluo, wanapanda kutoka majini mawingu kwa mawingu na kuingia puani, mdomoni na kwenye feni za kompyuta, angeandika vitabu viwili.

Nianze na ukoo, maana mtu hasifiwi bila kutajiwa kwao. Zamani seva ilitunzwa kwa mkono. Fundi aliingia kwenye moja moja, akaandika amri zake, akatoka, na aliyoyafanya yakabaki kichwani mwake mpaka siku alipoacha kazi. Seva tatu ziliwezekana hivyo, thelathini zilimshinda. Mwaka 1993 Mark Burgess, mwanafizikia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Oslo, akaandika CFEngine, programu ambayo unaieleza hali unayoitaka, nayo inahangaika yenyewe mpaka mashine iifikie. Mwaka 2005 Luke Kanies akaleta Puppet. Mwaka 2012 Michael DeHaan akaleta Ansible, ambayo kampuni ya Red Hat iliinunua mwaka 2015. Wazo lao wote ni moja, na ni zuri: usiseme "fungua mlango", sema "mlango uwe wazi". Ukikutwa uko wazi tayari, hakuna la kufanya, na agizo hilo hilo waweza kulirudia mara mia bila kuharibu kitu.

Jina la Ansible lilibuniwa na Ursula K. Le Guin katika riwaya ya mwaka 1966, akiita hivyo chombo cha kupelekea ujumbe kati ya nyota na nyota bila kuchelewa hata nukta. Basi chombo hicho kimetufikia. Habari za nyota sizijui, ila kutoka Mbita hadi Mfangano ujumbe wake huweza kulala njiani siku mbili. Na Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kuchechemea, hata kutoka ghorofa ya pili hadi ya kwanza mambo yalikuwa magumu, kwa vile programu za kusakinishwa zilikuwa ng'ambo. Katika mazingira hayo ndimo mstari mwekundu huzaliwa, na ndimo hukulia.

Seva zenyewe zimejaa ufuoni kwa sababu inayoeleweka. Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori ndizo kaunti zenye kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya virusi vya Ukimwi nchini, na mgonjwa anayemeza dawa kila siku kwa miaka na miaka anahitaji faili lisilopotea. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanzishwa mwaka 2004 na kutumika mapema kabisa Eldoret, ndiyo iliyoizaa KenyaEMR, ambayo sasa iko katika vituo vingi vya afya. Nenda kituo kidogo cha ufuoni utaikuta: kompyuta moja yenye Linux, kwenye kona ya chumba cha dawa au nyuma ya dawati la mapokezi, ikipozwa na feni moja na rehema za Mungu. Anayeitunza yuko mbali, ana nyingine nyingi za aina hiyo, na mguu wake hauwezi kuwa kila mahali. Ndiyo maana anatumia pleibuku, faili lenye maagizo ya hatua kwa hatua ambalo Ansible hulisoma na kulitekeleza kwenye kila seva.

Wajaluo wana pakruok. Nyatiti ikiwa inapigwa, mtu anasimama, anatoa pesa, muziki unakatizwa, naye anajitaja: jina lake, babake, kwao, mlima ulio karibu na kwao, uhodari wake na wa marafiki zake. Akimaliza, nyuzi zinaendelea. Mgeni hudhani ngoma imevurugwa. Mwenyeji anajua kwamba hapo ndipo ngoma ilipo. Mstari mwekundu hufanya vivyo hivyo. Unaukatiza muziki wa kijani, unajitaja: mimi ni hatua ya kumi na mbili, mtoto wa faili fulani, kwetu ni mstari wa 47, safu ya tatu, na kilichoniangusha ni hiki. Niambieni, ni ofisi ngapi mjini hapa zenye mfanyakazi atakayekueleza kosa lake kwa ufasaha huo, tena papo hapo, bila kuitwa kwenye kikao?

Mara nyingi kilichouangusha ni nafasi tupu. Pleibuku huandikwa kwa YAML, lugha iliyozuka mwaka 2001, ambamo kila kitu hutegemea neno liko umbali gani kutoka ukingoni. Nafasi mbili, wewe ni mtoto. Nafasi nne, ni mjukuu. Ukisogezwa kwa kitufe cha Tab huna ukoo kabisa, kwa sababu YAML imekiharamisha kitufe hicho katika kupanga mistari. Mtu mwenye shahada mbili anaweza kumaliza asubuhi nzima akitafuta pengo moja lisiloonekana kwa macho. Nani mwingine ana uwezo wa kumfanya msomi aheshimu kitu kisichokuwepo?

Lakini ili mjue thamani ya mstari huu, tazameni siku ambazo haukutokea. Kisa cha 644 lazima nikiseme. Kwenye Linux, ruhusa za faili huandikwa kwa tarakimu za msingi wa nane: 0644 maana yake mwenye faili asome na kuandika, wengine wasome tu. Kijana akiandika 644, akasahau sifuri ya mbele na alama za kunukuu, YAML huiona ni namba ya kawaida tu, mia sita arobaini na nne, na ikigeuzwa kuwa ruhusa inatoka 1204. Hiyo maana yake mwenye faili anaruhusiwa kuliandika ila si kulisoma. Jamaa wa kikundi chake hawaruhusiwi lolote. Na mpita njia, yeyote yule, anaruhusiwa kusoma. Nimeona mirathi ikigawanywa vibaya sana ufuoni huku, lakini si kiasi hicho. Na rangi ya mstari wake? Manjano. Imebadilishwa, asante, tunaendelea.

Sasa linganisheni na hiki. Kijana anataka nakala za data zihifadhiwe saa nne na nusu usiku, anaandika 22:30 bila alama za kunukuu. Toleo la YAML linalotumika ndani ya Ansible linakumbuka hesabu za Wababeli, za msingi wa sitini, na linamrudishia 1350, yaani dakika zilizopita tangu usiku wa manane. Programu inayopokea, ikiambiwa ifanye kazi saa 1350, inakataa katakata, na mstari mwekundu unatokea. Kosa la kwanza lilikuwa na adabu, likapita na kukaa ndani ya seva miezi. La pili lilipiga kelele likakamatwa kabla ya chai ya saa nne. Mimi nasimama na la pili.

Furaha nayo ipo. Ukiwa na programu ndogo ya cowsay kwenye kompyuta yako, Ansible huitambua bila kuulizwa, na kila hatua hutangazwa na ng'ombe aliyechorwa kwa herufi na alama, maneno yakimtoka mdomoni. Kuna mpangilio maalumu wa kumfukuza, na wahandisi wenye haraka huutumia. Huku ambako mahari bado huhesabiwa kwa ng'ombe, binafsi naona si vizuri kumfukuza ng'ombe aliyekuja mwenyewe.

Na posho, jamani. Seva isipopatikana kabisa, hakuna amri itakayoifikia, na mtu lazima aende. Matatu mpaka Luanda K'Otieno, feri mpaka Mbita, boti mpaka Mfangano, upepo wa ziwa usoni, chakula cha mchana kwa gharama ya mradi. Vijana wengi wa Kisumu wasingeijua Homa Bay ila kwa hisani ya mstari mwekundu. Anafika kituoni, muuguzi mwenye umri wa mamake anampokea mlangoni.

"Sista, habari ya kazi?"

"Nzuri tu, mwanangu. Umekuja kwa ile kitu?"

"Nimekuja kwa ile kitu. Ilizimika lini?"

"Haijazimika. Tuliichomoa tu kidogo, tukachomeka friji ya chanjo."

Kijana anatazama soketi, iko moja. Anatazama friji. Hana la kusema, na kwa kweli halipo. Vikao vingi vya vipaumbele vya afya vimefanyika katika hoteli nzuri nzuri bila kufikia uamuzi ulio wazi kama huo. Anaandika ombi la soketi ya pili, anakunywa soda, anarudi. Bila ule mstari, ombi hilo lisingeandikwa, na nakala za data za kituo kizima zingeendelea kukosekana huku kila mtu akidhani zipo.

Baba yake mkubwa mstari mwekundu ni kupotea kwa stima. Juni 7, 2016, tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma, ikajizima. Mashine nyingine zikalemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na Kenya nzima ikakaa gizani zaidi ya saa tatu. Tumbili alinusurika, akakabidhiwa maofisa wa wanyamapori. Seva si zote zenye bahati ya tumbili. Ile ya kona ya chumba cha dawa ina betri ndogo ya duara inayoilindia saa, na betri hiyo ikifa, seva huamka ikiamini ni mwaka mwingine. Inaagizwa ichukue programu mpya. Inaitazama orodha iliyotoka Ubuntu, Linux yake, inaona imetiwa saini siku ambayo kwake haijafika, inaikataa: orodha hii bado haijaanza kuwa halali. Ungempata karani wa makini hivyo, wa kuikataa stakabadhi kwa kuwa imetoka kesho, ungemwajiri leo leo.

Tukiwa kwenye saa: ndani ya karibu kila Linux duniani kuna faili dogo la majira ya Nairobi, na faili hilo bado linakumbuka kwamba enzi za mkoloni saa yetu iliwahi kuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Robo saa iliyobaki kufikia saa tatu za leo hakuna aliyeirudisha. Linux imeiandika.

Betri ikiwa nzima bado kuna shughuli. Ubuntu iliyozimika usiku na kukosa zamu yake ya kujisasisha, ikiamka tu hukimbilia kuifanya, na wakati huo huifunga rejista ya programu zake isiguswe na mwingine. Pleibuku inafika mlangoni, inaambiwa mwenye ufunguo yuko ndani. Mstari mwekundu. Unasubiri robo saa, unarudia, kijani. Seva ikibadilishiwa diski na kusakinishwa upya, ufunguo wake wa utambulisho hubadilika, nayo SSH, njia ya kuingilia seva kutoka mbali, hukuzuia kwa tangazo lililozungushiwa alama za @ pande zote, herufi kubwa tupu, likifuatwa na onyo kwamba huenda kuna mtu anakusikiliza. Mara nyingi hakuna anayekusikiliza, hata bosi.

Mpaka hapa mtasema nasifu kero ndogo ndogo. Basi chukueni jambo ambalo kila anayetumia Ansible hukutana nalo, na wengi huondoka hawajalielewa. Pleibuku ikibadilisha faili la mipangilio, programu inayolitumia haijui. Lazima ianzishwe upya ndipo ilisome. Kwa hiyo hatua inayobadilisha faili humwandikisha mjumbe: mwishoni, kila kitu kikiisha, nenda kaianzishe upya hifadhidata. Wajumbe hungoja mwisho. Sasa hatua ya tatu imebadilisha faili na kumwandikisha mjumbe, kisha hatua ya saba imeshindikana, pengine kwa jambo lisilohusiana kabisa, mtandao umekatika wakati wa kupakua kitu. Kazi kwenye seva hiyo inakomea hapo, na mjumbe hatumwi. Kijana anaona mstari mwekundu, anasonya, mtandao unarudi, anarudia pleibuku yote. Hatua ya tatu inatazama faili: liko kama linavyotakiwa. Kijani. Kwa kuwa hakuna kilichobadilika, hakuna mjumbe anayeandikishwa. Hatua ya saba inapita. Kijani tupu kutoka juu hadi chini, na samaki wa Dunga hawajapoa.

Hifadhidata bado inafanya kazi kwa mipangilio ya zamani. Faili linasema mengine. Ukirudia pleibuku kila Jumatatu kwa miezi mitatu utapata kijani kila Jumatatu, maana Ansible inaulizwa habari za faili na inajibu habari za faili. Kisha stima inapotea. Ikirudi, hifadhidata inaamka, inalisoma faili lake kwa mara ya kwanza tangu libadilishwe, inakuta imeagizwa itenge kumbukumbu kubwa kuliko iliyomo kwenye mashine, inagoma. Saa mbili asubuhi, foleni ya wagonjwa imeshafika kwenye mwembe, muuguzi ametoa rejista ya karatasi kabatini, na aliyeandika mpangilio ule alihamia Nairobi.

Wote watailaumu stima. Stima ilifanya kazi ya mjumbe, bure, kwa kuchelewa. Aliyesema kweli siku ya kwanza alikuwa mstari mwekundu, na alichotaka ni mtu auulize swali moja zaidi: nilipokatiza, nani alikuwa anangoja kutumwa? Ukiuliza hivyo unaianzisha upya hifadhidata mwenyewe, kosa la kumbukumbu linatokea Ijumaa jioni wakati mwandishi wake bado yuko kwenye kiti, na mambo yanaisha. Kuna hata neno la kuongeza kwenye amri linalowalazimisha wajumbe waende hata hatua ikishindikana. Kuchunguza hitilafu za otomatiki, sehemu kubwa ni huko: si kuufuta wekundu, ni kuhesabu vilivyoachwa nyuma yake.

Kwa hiyo mniruhusu nimtaje na adui wa mstari huu, maana hata nyatiti humtaja. Anaitwa ignore_errors. Ni agizo fupi la kuandikwa chini ya hatua yoyote; ukiliandika, hatua ikishindikana Ansible inasema imeona, inapuuza, inaendelea. Lina matumizi yake halali, machache. Huku kwetu limekuwa mafuta ya kupaka kila kidonda. Hatua inasumbua? Paka. Mkaguzi anakuja? Paka. Mwishoni Ansible hutoa muhtasari wa kila seva kwa safu: hatua zilizo sawa, zilizobadilishwa, zilizoshindikana, na mwisho kabisa kulia, zilizopuuzwa. Zilizopuuzwa hazihesabiwi kuwa zilizoshindikana. Karatasi inapanda hadi ofisi ya juu ikiwa na sifuri pale panapotazamwa.

"Kijana, naona wiki hii hamna kosa hata moja."

"Hamna, mkubwa."

"Safi sana. Na hii safu ya mwisho, kumi na nne, kumi na nne, kumi na saba, ni ya nini?"

"Hiyo ni ya sisi wa IT tu, mkubwa."

"Basi itoe, inajaza ukurasa."